Ukisema Asante

Usicheke jina. Kinywaji hiki huitwa mate,
na kweli mrija ni mmoja, midomo ni saba.

Nayif alikwenda Tukumani kukata miwa.
Miaka kumi na tisa. Akarudi Suwaida
na meno mawili ya dhahabu, mali hana,
na gunia la majani yanayonuka kama nyasi
zilizolala usiku kucha juu ya moshi.
Mkewe Najla alionja, akatema:
"Umevuka bahari kutuletea malisho ya mbuzi?"

Lakini kipupwe cha milimani kina hoja zake.
Theluji ilipoziba mlango na kahawa kwisha
aliteleka birika, akaliepua kabla halijachemka,
maana maji ya kutokota huliunguza jani,
hilo Nayif alilisema mpaka likamchosha.
Kibuyu cha ugenini kilishapasuka;
ikawa bilauri ndogo ya chai.
Iliki ikaingia, nani angemzuia?
Na kila mtu akishavuta, ganda la limau
linafuta ncha ya mrija.
Hilo halikutoka Tukumani. Hilo ni la Najla,
mwanamke asiyetaka mate ya mawifi.

Sheria moja tu ilivuka nzima:
ukisema asante, umekinai.
Mrija unakuruka.

Sasa ni Wuppertal, ghorofa ya nne,
treni inapita imening'inia juu ya mto
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Pakiti ina maandishi ya Kiarabu,
jani la Ajentina, bei ya Kijerumani.
Lamis, mjukuu wa Najla, anamimina.

Detlef wa chini, mjane, kaja kuazima ngazi.
Akakaribishwa. Akavuta. Uso ukamkunjana.
Akasema, kwa adabu ya kwao, asante.

Lamis akamruka.
Zamu ya pili mkono wa Detlef ukabaki hewani.
Ya tatu, akaangalia viatu vyake.

Ndipo mtoto, miaka sita,
mwenye Kijerumani kuwashinda wote nyumbani,
akamnong'oneza: "Hapa asante ni kwaheri.
Wewe nyamaza tu."

Akanyamaza.
Ganda la limau likapita nchani.
Akanywa mpaka bilauri ikakoroma,
akairudisha bila neno,
na usiku akashuka ngazi za jengo
mikono mitupu.

Kesho yake akagonga.
"Nimefuata ngazi," alisema,
na akavua viatu.