Ngeli ya Kichanga

Tartu, Februari. Theluji imefika madirishani,
na Liivika Tamberg, mwalimu wa falsafa,
amemshika mwanawe wa siku sita mguu
kama alivyoagizwa.
Muuguzi Maimu anasugua kisigino kwa pamba,
kisha sindano. Matone manne kwenye karatasi.
"Hatakumbuka," anasema Maimu,
vile mtu anavyosema pole.

Miaka tisa Liivika amefundisha, ghorofa ya tatu,
chaki mkononi:
fahamu ni kujijua; pasipo "mimi"
pana joto, njaa, mwanga, kelele,
lakini hapana mwenyewe.
Nyumba ina taa, mwenyeji hajafika.
Wanafunzi waliandika. Mmoja tu, Raivo, aliuliza:
basi anayelia ni nani?
Alimjibu vizuri.
Jibu lenyewe leo halikumbuki.

Nami ninayeandika haya, lugha yangu hainiokoi.
Kijusi, kichanga, kitoto:
tumemweka ngeli moja na kiti na kisu,
kilie, kinyonye, kilale,
hadi siku fulani, bila sherehe wala shahidi,
ile ki inadondoka midomoni mwetu
na a inakaa mahali pake.
Nani aliyeiona ikidondoka?

Usiku ananyonyesha kwa mwanga wa taa ya barabara.
Utosi unapwita chini ya kofia ya sufu,
mlango ambao mifupa haijaufunga.
Anamtafuta mwenye nyumba katika macho ya kijivu
yasiyomtazama yeye. Yametua pale
pazia linapoachana na ukuta,
kwenye ufa wa mwanga mwembamba kama uzi,
na hayang'oki.
Anaona? Au kuna kuonekana tu,
mwanga uliofika pasipo wa kuupokea?

Naye je, alikuwepo?
Miaka yake mitatu ya kwanza ameirithi kwa mama:
jogoo alikudonoa, ulilia kutwa,
tukamchinja Jumapili.
Jogoo anamjua kwa kusimuliwa.
Kovu liko kidevuni. Analigusa
kama mtu anayesoma barua ya jirani.

Saa tisa. Anavuta pazia, ufa uzibe, mtoto alale.
Uso mdogo unakunjamana, unawiva, kilio.
Anaurudisha ufa ulivyokuwa,
upana uleule, kwa kidole kimoja,
na kabla hajafikiri
amekwisha kusema, kwa sauti ya kuambia mtu,
"Samahani."