Usiku wa Mombo Haupoi

Mashavu, dada yangu,
pishi ya mbegu tuliyogawana kwa mama
siku ya kuondoa matanga,
kikombe kwako, kikombe kwangu, mwisho punje kwa punje,
na ile moja iliyobaki ukaikata kwa meno
nikacheka huku nalia,
leo nakuandikia habari zake.

Zako nazijua. Lukozi kuna ukungu,
asubuhi jembe lina baridi hadi kwenye mpini,
maharage yanapanda miti mpaka unayaita yashuke.

Zangu zilimea. Usije ukasema sikupanda.
Zilimea hapa Mombo, chini ya mlima uleule
ambao wewe umeupanda mabegani, mimi nimeushika miguu.
Zikatoa majani, zikatoa maua ya zambarau,
nikayahesabu kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.
Kisha usiku mmoja, na usiku uliofuata,
yakaanguka.
Hayakuliwa. Hayakunyauka.
Yalianguka tu, mazima, kama vifungo vya gauni lililochoka.

Msimu wa kwanza nilisema mvua.
Wa pili nikasema jicho; unamjua Mama Shemdoe,
hasifii kitu kikabaki.
Wa tatu nikajisema mwenyewe: mkono wangu si wa mama.
Msimu huo nilizika kibaba kizima, nikafukua nusu.

Na Sebo wangu, huyu wa mwisho,
akaanza kulamba udongo wa ukutani.
Zahanati walimfunua kope: ndani peupe
kama tumbo la dagaa.
"Damu haitoshi," akasema nesi. "Anakula nini?"
Nikasema ugali.
Akangoja niendelee.

Aliyenifumbua macho ni binti Singano, afisa ugani,
mdogo kwetu, anakanyaga tuta kwa viatu vya sikukuu.
Alikuja jioni, akasema tukae shambani.
Tukakaa. Saa mbili. Saa tatu. Jasho linateremka.
"Unasikia baridi?"
Nikamwambia, baridi gani?
"Basi ndiyo hiyo. Usiku wa hapa haupoi.
Mbegu ya mama yako ilizoea kulala na blanketi.
Hapa hailali, na ua lisilolala halishiki mimba."

Akanipa nyingine, kilo mbili.
Sura haina! Vijipunje vya rangi ya matope.
"Hii inavumilia joto, na ina madini ya chuma
kuliko nyekundu yenu. Lakini usiniamini sana.
Udongo nao una neno lake."

Niliiweka chini ya uvungu mwezi mzima.
Niliona kama kumletea mama mke mwenza
kabla kaburi halijakauka.
Kisha mvua ikaja,
na tumbo la mtoto halijui haya.

Nimevuna debe moja na pishi.
Naloweka usiku, namwaga maji ya kwanza,
napika makande, nayakamulia ndimu,
na chai nimeisogeza mbali na sahani;
nesi anasema chai humnyang'anya mtoto chuma
kikiwa bado mdomoni.
Sebo ameacha ukuta. Kope zake, sijui,
naona kama wekundu, au ni macho yangu yanayotaka.
Tarehe kumi na nne tunarudi kupima.

Ladha?
Usiniulize ladha.
Mchuzi wake mweusi, haumkumbuki mtu.

Kopo hili nimempa kondakta wa basi la asubuhi.
Zijaribu tuta moja tu, huko kwenye ukungu.
Pengine zitakugomea kama za mama zilivyonigomea,
na nisikufiche, nitafurahi kidogo.

Nawe ukishapura, nitumie za mama.
Si za kupanda, hizo nimezisamehe.
Za kupika.
Kibaba kimoja, Ijumaa moja,
mchuzi uwe mwekundu,
kifuniko kitikisike,
na mlima mzima ushuke uje ukae sufuriani kwangu.