Jumamosi ya Viraka, Kiboriloni

Njoo na mkasi wako, niliwaambia,
na kama huna mkasi njoo na macho.
Walikuja wanne. Manyunyu ya Julai,
yale yasiyonyesha wala kukoma,
yalikuwa yameshalowesha magunia mawili ya mabaki
niliyoombaomba kwa mafundi wenzangu sokoni:
vitenge, satini za sare za harusi, jinzi, pindo za khanga.

Mbonea, fundi pikipiki, alinawa mikono mara tatu
na bado kiraka chake cha kwanza kilibeba dole gumba la oili.
Acha, nikasema, hiyo ni sahihi.
Aikande, aliyekuwa akingoja matokeo ya kidato cha sita,
alipima kila pembe kwa rula ya hisabati
mpaka makaa ya pasi yakawa majivu.
Mama Lyatuu hakutaka subana.
Akajichoma, akanyonya kidole,
akalaani kwa Kichaga, akavaa subana.

Ndeanasia muuza ndizi alibaki mlangoni.
"Viraka, mwalimu? Mimi viraka nimevivaa
darasa la kwanza mpaka la saba,
viwili, makalioni, kama macho ya bundi,
na walionicheka nawajua kwa majina.
Leo nikamfunike navyo mgonjwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pasi.
Nikanyoosha kipande cha kitenge
rangi ya ganda la ndizi mbivu, nikakiweka mezani.
Akaja kukishika. Akakaa.

Basi tulijifunza hivi:
weka uso kwa uso, migongo nje,
shona ukiacha ukingo wa punje moja ya hindi,
fungua, piga pasi. Uso kwa uso tena.
Ukikosea fumua, uzi hauna kinyongo.
Safu zikishikana, tandaza bitana chini,
katikati blanketi kuukuu
ambalo hakuna atakayeliona tena
na ndilo joto lenyewe.
Piga bandi ndefundefu, kama unapanda maharage,
kisha shona kweli, taratibu,
mpaka matabaka matatu yasahau kwamba yalikuwa matatu.

Kamusi inakiita kitu hiki mfarishi.
Mbonea alisema jina hilo linafaa dawa ya kikohozi.

Jumamosi ya tisa tukayaanika kwenye kamba, manne,
na la Ndeanasia likanitia aibu.
Katikati kabisa alikuwa ameshona kipande cha khanga,
khanga ya masimango, WALISEMA NITAHAMA BADO NIPO,
mkasi umekula mwanzo, yamebaki maneno mawili,
nayo yamesimama kichwa chini, miguu juu.
Fumua, nikamwambia.
"Uzi umeniishia."
Nitakupa uzi.
"Na nguvu zimeniishia, mwalimu."

Jumatatu tukayabeba hadi wodi ya mifupa.
Mimi nilikuwa na wembe wa kufumulia mkobani,
sijui nilidhani nitautumia saa ngapi.
Kitanda cha dirishani alilala mkata miti,
mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe,
wiki ya saba anahesabu mbao za dari.
Tukamfunika. La Ndeanasia. Hakuna aliyepanga.
Sisi, tuliosimama miguuni pake,
tuliona maandishi yamepinduka.

Yeye akainua kidevu, akatazama kifuani pake,
akasoma kwa sauti ya mtu aliyekaa muda bila kusoma:
"Ba-do. Ni-po."
Akasoma tena, bila kukata.
Akamuuliza nesi kama ni yeye aliyeandikiwa.

Nimeshona miaka thelathini na moja
nikiipima kila nguo kwa jicho la anayeitazama.

Njiani kurudi Ndeanasia hakunisema.
Alisema tu ndizi za Rau zimepanda bei,
na kwamba wiki ijayo nimpe satini,
hata ile inayoteleza.