Uwazi wa Vidole Vinne

Mara ya kwanza tulilipiga hema kinyume,
mlango ukiutazama upepo.
Tuure aling'oa vigingi vyote bila neno,
nami nikakishika kitambaa kisiruke,
kama mtu aliyeachiwa farasi wa jirani.

Ni hema la baba. Halina sakafu.
Paa tu, pembe sita, na tundu la juu
inapoingia ncha ya fimbo ya kutembelea
fimbo ikawa nguzo.
Kila tulipokuja naye huku, kaskazini ya Inari,
alisema sakafu ni mzigo wa bure:
ardhi ipo, nani abebe ardhi nyingine mgongoni?
Kisha akacheka peke yake.

Nyumba yake tuliiuza miaka mitatu iliyopita.
Niseme kweli: niliiuza. Tuure alitia sahihi,
na simu yake sikuisikia tena hadi Mei hii.

"Shusha pindo liguse nyasi."
"Acha uwazi wa vidole vinne, la sivyo
pumzi zetu zitapanda, zitageuka matone,
zitunyeshee wenyewe."
"Upepo utaingia."
"Na uingie."
Kila mtu na kamba yake,
yeye anakaza, mimi nalegeza,
hema linayumba katikati, halijui limsikilize nani.

Mbu ndio walioamua.
Walitoka kinamasini jua likiwa bado juu
(na jua la Julai huku halitui,
linazunguka ukingoni kama mgeni asiyejua kuaga),
wakatuingia masikioni, mikononi, ndani ya uji.
Tuure alijizaba kofi la shavu. La pili. La tatu.
La nne, nikacheka.
"Chandarua," akasema. "Kiko wapi?"

Kilikuwa mkobani mwangu, chini ya soksi:
chumba kizima cha wavu, chepesi kuliko mkate,
chini kina beseni la nailoni
lenye kingo za urefu wa kiganja.
Unakitundika kwenye kulabu iliyo juu ya nguzo,
unavuta pembe nne,
na ndani ya hema tupu
inasimama nyumba nyingine, ya moshi.

Baba alikishona kiwatoshe watu wawili
waliopendana.
Sisi tulilala mzungu wa nne,
visigino vyake vyenye malengelenge
sentimita chache na pua yangu.
Kati ya wavu na ukuta palibaki uwanja mdogo:
buti, sufuria, vijiti vya beri,
kipanya mkia mfupi aliyepita bila kubisha hodi,
na mbu, wametua kwenye wavu,
wanasubiri mmoja wetu atoke kukojoa.

Saa nane za usiku, kama ule ulikuwa usiku,
mvua.
Kijito chembamba kikapenya chini ya pindo,
pale pale kwenye vidole vyangu vinne,
kikalizunguka beseni,
kikachukua soksi ya Tuure iliyoanikwa kwenye buti,
kikatokea upande wa pili.
Sisi wakavu.
Nilisubiri aseme, "Si nilikuambia?"
Visigino vikatikisika. Anacheka,
au analia. Kwa miguu huwezi kujua.

"Walioinunua ni nani?"
"Watu wa Oulu. Wana mapacha."
"Wamebomoa?"
"Sakafu ya jikoni tu."
Mvua ilipiga kitambaa kwa muda mrefu.
"Ilikuwa imeoza," akasema.

Asubuhi tulikunguta maji, tukakunja paa,
tukakunja moshi ndani ya mfuko wake.
Nikahesabu vigingi: kumi na kimoja.
"Twende," nikasema, "ni kigingi tu."
Lakini amerudi
kwenye duara la nyasi zilizolala, zinazoanza kuinuka,
na sasa yuko magotini, mbu mgongoni kama shali,
anapapasa, anapapasa sakafu.