Vipande Viwili Ukutani

Fundi Shivachi amepaka vipande viwili juu ya kochi,
kila kimoja upana wa gazeti lililofunguliwa.
Cha kushoto ni Asali Changa.
Cha kulia, Mchanga wa Machweo.
Anapangusa brashi kwenye suruali, anacheka:
"Mwalimu, hii ni rangi moja yenye majina mawili,
kama mtoto aliyepewa jina na bibi huku na bibi kule."

Si moja. Nimekaa nazo siku tisa.
Asubuhi, jua likitokea upande wa msitu,
Asali huamka kwanza, ikang'aa kama mgongo wa andazi;
Mchanga bado umejifunika.
Saa sita zote mbili ni chai ya maziwa,
ila moja imezidishwa majani.
Halafu saa tisa, mvua yetu ya Kakamega isiyokosa miadi
hupiga mabati hadi hatusikizani,
chumba kikaingia kijivu,
na hapo ndipo zinapoachana:
Asali inachacha, manjano ya jicho la mgonjwa.
Mchanga unabaki na joto lake dogo,
jivu lililoficha kaa.

Stima ikipotea, nazimulika kwa tochi ya simu.
Dada yangu Injendi amepiga kutoka Mbale:
"Nunua basi! Ukuta hauli, hauvai."
Sikumwambia kilicho kati ya vipande viwili:
doa la mafuta, duara la kichwa cha baba,
miaka kumi na minne akiegemea hapo
kusikiliza matangazo ya vifo redioni,
akiguna kwa kila jina alilolijua.

Nililinganisha. Asali ina wekundu mno.
Mchanga unakaribia, unakaribia, kisha unakataa.
Kwenye kadi ya duka, doa halimo.
Nalo ni rangi ya joto,
tena halipimwi kwa lita.

Jumamosi nikasema: Mchanga. Kuta zote nne.
"Na hapa penye mafuta, nipige msasa?"
Piga.
Sauti ilikuwa kavu, fupifupi,
ya mtu anayesafisha koo aseme jambo
halafu asiseme.

Koti ya kwanza ukuta uliinywa. Ya pili ikakaa.
Saa tisa, mvua.
Nikaketi kwenye kochi, nikaegemeza kichwa.
Shivachi akapiga ukelele kutoka mlangoni,
"Mwalimu, haijakauka!"

Najua.
Nilitembea na machweo kisogoni hadi Jumanne.