Bei ya Nyasi

Muhula ulifunguliwa na wanafunzi mia nne na kumi na wawili.
Naanzia hapo, kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu,
na mwamba wa Tororo, ninaouona kutoka dirisha la ofisi,
haujawahi kuniambia una umri gani.

Mwalimu Oketcho alichora taya ubaoni.
Taya moja, chaki nyeupe, dakika arobaini.
Akasema mfupa kama huu ulichimbuliwa Napak, kule Karamoja,
ni wetu, wa zamani kuliko majina yetu.
Kufika Jumapili taya lile lilikuwa limepanda madhabahuni.

Sitasema nani alikuwa na haki.
Mimi huimba besi, ibada ya saa tatu,
na binti yangu anataka kuwa daktari wa mifugo.
Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi:
mimi niliajiriwa kuandika bei ya nyasi.

Basi, andika.
Kikao cha kwanza cha bodi, soda na nauli: laki moja na themanini.
Kikao cha pili, vivyo hivyo, na viti viwili vilivyovunjika.
Wanafunzi walioondolewa na wazazi: sitini na mmoja.
Thelathini na wanne kwa kuwa tulifundisha.
Ishirini na saba, bodi ilipokataza,
kwa kuwa tumeacha kufundisha.

Wafadhili wa maabara wakaandika barua ya upole.
Watangoja hali itulie.
Darubini kumi ziko forodhani Malaba,
zinalipiwa ghala kwa siku,
jicho la kila moja limefungwa karatasi.

Kisha ikaamuliwa kurasa kumi za kitabu zigandishwe.
Gundi, chupa kumi na nne.
Kibarua wa kugandisha, siku tatu, na chai yake.
Wiki haijaisha, Emojong wa kidato cha tatu
alikuwa jikoni na birika linalochemka,
anazibandua kwa mvuke, ukurasa kwa ukurasa,
shilingi mia mbili kutazama, mia tano kunakili.
Vijana wasiojua kitabu kina rangi gani
walipanga foleni hadi kwenye kuni.
Ndiyo biashara pekee iliyopata faida muhula ule.
Nilipaswa kumshitaki. Nilitamani kumwajiri.

Oketcho tunamdai funguo za maabara,
yeye anatudai mishahara ya miezi miwili.
Sasa yuko kiwanda cha saruji, getini, anahesabu mifuko.
Tulisalimiana sokoni. Mkono wake ulikuwa mweupe,
nikadhani ni chaki.

Ila deni linaloninyima usingizi ni la Mama Nyafwono.
Huyu hana ugomvi na mtu. Anajua debe na mizani.
Alikopa akanunua maharage ya midomo mia nne na kumi na miwili,
na midomo sitini na mmoja ikahama na njaa yake.
Magunia yamelala stoo, yanatobolewa.
Nilikwenda kumwomba anivumilie mwezi mmoja tena.
Akachota konzi, akaipepeta mbele ya macho yangu,
unga mwembamba ukamwagika, na wadudu wakitambaa ndani yake.

"Dawa ya mwaka juzi iliwaua," akasema.
"Mwaka jana iliwaua wengi, si wote.
Wale waliobaki ndio waliozaa.
Hawa unaowaona, mwanangu, dawa wanaioga."

Nikamwomba arudie.
Akarudia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo la wazi,
kisha akauliza pesa yake atapata lini.

Nilifungua daftari.
Kulikuwa na safu ya mapato, safu ya matumizi,
na safu ya madeni, iliyojaa hadi ukingoni.
Aliyosema sikupata pa kuyaandika.
Nikaandika: Nyafwono, maharage, magunia kumi na mawili,
hayajalipwa.
Chini yake, kwa wino uleule: gundi, imelipwa.