Sentimita Tisini

Lile lango nililiunda mimi,
na lile daraja la magogo, na ile ngazi ya kamba,
na vigingi kumi na viwili vya kurukia
toka shina la mkwaju hadi ukuta wa magofu.
Mbao za mvinje. Misumari ya inchi nne.
Nilipomaliza nikapiga picha, nikamtumia mke wangu;
akajibu: Mashaallah, huko hawatoki.

Jumamosi likaja basi la shule kutoka Magongo,
watoto arubaini na mmoja wakamwagika msituni,
kima wakahama mti.
Wa arubaini na mbili akateremshwa.
Nasema akateremshwa: dereva kwapa hili, mwalimu kwapa lile,
kiti kwanza, kisha yeye.
Umazi. Miaka tisa. Viatu soli nyeupe pe.

Langoni magurudumu yalipita.
Vidole havikupita.
Hakulia. Alivinyonya vifundo kimoja kimoja,
akanitazama kama mtu anavyomtazama muuza nyama
aliyemfuma na mizani mbovu.

Hatua sita mbele, mzizi wa mkwaju.
Akapita jongoo, mnono, mweusi, hana haraka,
akaupanda, akaushuka, na miguu yake yote ile,
akaenda zake.
Tulimtazama sote wawili hadi akapotea.

"Wewe kaa hapo na fundi," mwalimu akasema,
"utatulindia mikoba."
Mingine ikatundikwa kwenye mikono ya kiti.
Mimi, na mdomo wangu, nikaona nijaze kimya:
"Mtembea bure si sawa na mkaa bure, mwanangu."
"Mimi sikai bure," akasema. "Nalinda mikoba."

Tangu siku ile nazisikia methali zetu zilivyo na miguu.
Mguu mosi hauendi njia mbili.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mwenda pole hajikwai.
Hata moja haina gurudumu.

Jumatatu, ofisini kwa Bi Thureya, feni ikikoroma:
"Fundi, ukuta ule ni wa karne nyingi. Jiwe moja haliguswi.
Ule ni urithi."
Nikasema, jiwe silitaki. Nataka kugusa kazi yangu mwenyewe.
Nikasema, na hili silo nililopanga kusema:
kwenye mirathi, Bi Thureya, mtoto hanyimwi fungu
kwa kuwa hakuweza kusimama siku ya kugawa.
Akafunga faili. Akafungua jingine.
"Zege hapana," akasema bila kuinua uso.
"Kokoto za matumbawe, zishindiliwe."

Nikaazima kiti, nikakaa mimi.
Mtu mzima, kilo tisini, naambiwa na mchanga: rudi.
Nilijua mambo manne asubuhi ile,
na moja ni kwamba ukuta ule sikuwahi kuuona.
Kwa chini, penye kivuli, pana kidaka
na ndani yake ua la chokaa, petali tano, moja imemeguka.
Miezi mitatu nilifanya kazi pale.
Shati langu nilikuwa nalitundika juu yake.

Mteremko: kila inchi ya kupanda, futi moja ya kwenda.
Uzi, pima maji, jembe, jasho.
Mzizi sikuukata; nimeuzunguka.

Umazi amerudi juzi, viatu vilevile.
Lango akalipita, viwiko amevitanua makusudi.
Mzizi akauzunguka. Penye kidaka akafunga breki,
akatia kidole pale palipomeguka, hakusema kitu.
Kisha daraja.
"Hapa je?"
"Hapo bado," nikasema. "Sabini na nane."
Akaniashiria niiname.
Nikainama. Akaichomoa penseli sikioni mwangu,
akaandika kwenye ubao wa kwanza, tarakimu kubwa, 90,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Penseli hajanirudishia.